Jinsi ya Kuandaa Somo la Kiingereza Litakalompendeza Mkaguzi

Andalio zuri la somo la Kiingereza huandikwa Jumapili usiku, na huanzia chini. Wapo watakaokuambia uanze juu, penye tarehe, darasa na mada. Waache, hao bado wana harufu ya chuo. Wewe teremka moja kwa moja hadi kisanduku cha mwisho, kile cha maoni ya mwalimu, ukijaze hivi: "Somo limeeleweka vizuri. Wanafunzi 81 kati ya 87 wamefikia lengo. Waliobaki watapewa mazoezi ya ziada." Funga kaunta buku, ulale. Kesho unakwenda kufundisha somo ambalo limeshaeleweka, na sijui kazi nyingine nyepesi kama hiyo.

Hiyo 81 usiichezee. Ukiandika wote 87, mkaguzi atashuku. Ukiandika 60, atauliza hao 27 umewapeleka wapi. Sita ndiyo idadi ya watoto wanaoruhusiwa kutoelewa. Mimi nimekaa na sita wangu miaka 22, wamekuwa kama ndugu.

Karibu, mdogo wangu. Mwalimu wa taaluma ameniomba nikupokee, kwa kuwa umepangiwa Kiingereza fomu wani na mimi ndiye mkongwe wa idara. Usinishukuru. Nitakupa yale niliyopewa na aliyenitangulia, ambaye amestaafu salama bila mwanafunzi wake hata mmoja kumwandikia barua, kwa lugha yoyote.

Kwanza ujue mali ni ya nani. Azimio la kazi ni la mkuu wa shule. Andalio la somo ni la mkaguzi. Siku hizi tunawaita wadhibiti ubora wa shule, lakini gari likichungulia getini hakuna anayepata muda wa kutamka jina refu kiasi hicho, tunasema tu "wamekuja". Mwanafunzi yeye ana nukuu za ubaoni, azinakili. Kila mmoja na chake, na matatizo yote niliyowahi kuyaona katika kazi hii yametokana na walimu waliochanganya mafaili, wakaandaa somo kana kwamba mwanafunzi ndiye atakayelisoma andalio.

Jedwali lenyewe halina ugumu. Kipindi ni dakika 40: utangulizi 5, maarifa mapya 10, kuimarisha maarifa 15, tafakuri 5, hitimisho 5. Ukijumlisha zinatimia kabisa, na kutimia huko ndiko kutakakopigiwa tiki. Usitenge dakika za kutafuta chaki. Usitenge za wale watatu wanaohamisha dawati kutoka darasa la jirani, wala za kusubiri rimu ya gari iliyotundikwa mwembeni igongwe, maana hugongwa mwalimu wa zamu anapomaliza chai, si kabla. Darasa la kwenye karatasi huanza saa mbili kamili, na watoto wake wote wana kalamu.

Kwenye lengo mahususi ndipo penye ufundi. Mwaka 1956 Benjamin Bloom na wenzake huko Marekani walipanga malengo ya elimu kwa ngazi, wakaanzia kwenye kujua, wakapanda hadi kwenye kutathmini. Walifanya kazi ya maana. Sisi tulipokea vitenzi tu. Usiandike kamwe kwamba mwanafunzi "atajua", kitenzi hicho kinaonekana cha kimaskini. Andika "atabainisha", "atachambua", "atapambanua". Nimewahi kuandika kwamba kila mwanafunzi wa fomu wani, ndani ya dakika 40, atachambua kwa kina matumizi ya "this" na "that". Mkuu wa shule alisaini bila kupepesa. Wakati huohuo mtoto wa dawati la tatu alihitaji kitu kimoja tu, kuweza kusema lile daftari lililo mbali ni la kwake na hili la karibu ni la jirani. Lakini hilo huwezi kuliandika kwenye lengo. Linaeleweka mno.

Zana: chora tofaa kwenye manila. Nje ya dirisha kuna mwembe wenye maembe mabichi, watoto wanayachungulia tangu asubuhi, lakini embe halina hadhi ya zana.

Sasa kuhusu mwanafunzi. Andalio lina nafasi ya idadi yake, wasichana wangapi na wavulana wangapi, na nakushauri uishie hapo. Ukianza kuchimba amejuaje anachokijua, hutalala. Maana huyu anayeingia Januari amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili miaka saba, kama ilivyo katika shule za serikali tangu 1967. Hisabati alizikokotoa kwa Kiswahili, mwili wa panzi aliuchora akaandika sehemu zake kwa Kiswahili, na Kiingereza chenyewe mara nyingi alikifundishwa kwa Kiswahili. Kisha anapewa wiki chache za kozi ya kuvukia, na Jumatatu moja anakuta mmea unatengeneza chakula chake kwa lugha nyingine. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, walizunguka shuleni kupima mambo haya, wakaona wanafunzi wengi wa sekondari hawaimudu lugha wanayofundishiwa. Ripoti ilisomwa. Uingereza ikafadhili mradi wa kuinua Kiingereza, lugha ya kufundishia ikabaki palepale, na mtoto naye akabaki palepale. Halafu 2016 ada ikafutwa, jambo jema kabisa, na darasa langu la 45 likawa 87. Mimi sikulalamika. Madawati ndiyo yaliyolalamika.

Kwa hiyo usimpime mwanzoni. Mwalimu anayetumia wiki ya kwanza kuuliza nani anaweza kusoma sentensi tano, nani anajua maneno mangapi, atajikuta na mafungu matatu darasani na atalazimika kuandaa kazi za aina tatu. Wewe chukulia wote wako ukurasa wa 14, kwa sababu ndipo azimio la kazi lilipo.

Na zaidi ya yote, mtoto asije akagundua kwamba Kiingereza kingine tayari anacho. Hii ni siri ya idara. Sweta aliyoivaa, penseli aliyoishika, tiketi aliyokatiwa, baiskeli iliyomleta, vyote vilitoka huko vikaogeshwa njiani, vikapewa irabu ya mwisho. Na ukithubutu kugusa mpira umekwisha. Mvulana wa nyuma kabisa, yule uliyemwandika kati ya wale sita, anajua goli, penati, kona, refa, winga, kipa, na anaweza kukueleza ofsaidi vizuri kuliko afisa elimu. Ukimwambia kwamba hayo ni maneno ya Kiingereza atanyoosha mkono. Ataunyoosha na kesho yake. Utaanza kujenga juu ya kitu anachokijua, na hapo unakuwa umetoka kabisa kwenye silabasi.

Makosa yao yacheke kwa sauti. Mtoto akisema mama yake "he is a farmer", liache darasa lianguke kwa kicheko. Usikumbuke kwamba "yeye" wetu hana habari na jinsia, anamfaa mama, baba, shangazi na askari wa usalama barabarani. Usikumbuke pia kwamba mtoto huyohuyo, pasipo kufikiri, anasema kiti kile kirefu kimevunjika, mti ule mrefu umevunjika, na ukimwekea viti na miti anabadilisha viambishi vyote kwa mpigo bila kuyumba. Mwenye kubeba ngeli zote hizo kichwani ana nafasi ya kutosha ya kuweka "he" na "she", akielezwa kwamba Kiingereza nacho kina kaugonjwa kake ka kupanga watu mafungu. Lakini maelezo hayo yangechukua dakika mbili, na hatua ya utangulizi imeshajaa nyimbo.

Matamshi yapite haraka. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza cha redio ya London kina sauti za irabu zipatazo 20. Kwa hiyo paka, kukata na mkokoteni, "cat", "cut" na "cart", kwa sikio la fomu wani vyote ni "kati". Mfumo wa kawaida ni huu: sema neno, waseme, sema kwa nguvu zaidi, waseme kwa nguvu zaidi. Watoto wakishapiga kelele kiasi cha kutosha irabu ya saba hujitokeza yenyewe. Usiwape maneno mawili yanayofanana ukawaambia wanyooshe mkono wa kulia wakisikia la kwanza na wa kushoto wakisikia la pili. Wataanza kusikiliza, na darasa linalosikiliza lipo kimya, na darasa la kimya mkuu wa shule akipita atadhani umeondoka.

Mada ya kutoa maelekezo ya njia ipendwe sana, kwa sababu kitabu kimeimaliza kazi yote. Kuna ramani ya mji wenye posta, benki, taa za barabarani, supamaketi na mzunguko wa magari. Kwenye kata yetu kuna barabara moja na inajipinda inavyotaka. Hilo lisikusumbue. Wafundishe kukata kushoto kwenye taa. Ikitokea siku moja mgeni akapotea hapa akauliza njia, mtoto atampeleka benki ambayo haipo kwa sarufi isiyo na doa.

Kulikuwa na mwalimu wa kujitolea shuleni kwetu, kijana mwembamba wa baiskeli, ambaye hakulielewa jambo hili. Aliwatoa nje. Wakachora mchangani njia ya kutoka shuleni hadi mashine ya kusaga, kwa mzee wa pancha, kisimani, msikitini, kanisani. Kisha akamfunga mmoja kitambaa machoni, na mwenzake akamwongoza kwa Kiingereza kutoka kwa mzee wa pancha hadi mashineni bila kukanyaga kisima. Mwenye kitambaa alikuwa hajui njia, mwenye macho alikuwa anaijua, na kitu pekee kilichoweza kuwasaidia kilikuwa maneno. Kelele ilikuwa haivumiliki. "Left! Left! No, stop! Go straight!" Wiki nzima watoto waliendeshana hivyo njiani kwenda nyumbani, hata wa darasa la nne wa shule ya jirani wakaambukizwa. Mkuu wa shule alimwita ofisini. Ilibainika kwamba hakuwa na andalio, alikuwa na kitambaa tu.

Nikifika kwenye mada ya shughuli za kila siku huwa natafuta kiti, kwa hiyo nivumilie.

Mwaka wangu wa nne kazini niliandika andalio la mada hiyo ambalo mpaka leo nalionea fahari. Lengo, kubainisha ratiba ya kutwa. Kwenye manila nilichora saa ya ukutani na mtoto mwenye pajama, na sentensi ya mfano ilikuwa "I wake up at six o'clock". Nikauliza nani atatupa yake. Akasimama msichana wa mstari wa pili, mkimya, wa kutoka ng'ambo ya mto, akasema polepole, kila neno akilishika mkononi kabla ya kuliachia: "I wake up at eleven o'clock. I fetch water."

Mdogo wangu, mimi ni mwenyeji wa nchi hii. Nilijua palepale alichosema. Saa kumi na moja alfajiri, ndiyo saa ambayo wasichana wa ng'ambo huwa kisimani, maji yakiwa hayajatibuliwa. Alichukua kumi na moja yake akaitafsiri kwa uaminifu kamili, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba Mswahili huanza kuhesabu saa jua linapochomoza na Mwingereza huanza usiku wa manane, na kwamba kati yao kuna pengo la saa sita. Pale mbele yangu lilikuwapo somo zima. Ningechora saa mbili ubaoni, ya kwetu na yao, akrabu zikiwa pamoja na majina yakiwa tofauti. Ningewauliza wote wa enzi zile huamka saa ngapi, nao wangegeuza, na wangegeuza kwa bidii kwa sababu kila mmoja alikuwa na saa yake ya kweli. Hata "hu" ya "huamka" ingenisaidia, maana Kiswahili kina kiambishi kizima cha mambo ya kila siku, na ukikiweka kando ya "I wake up" mtoto anaona mara moja "I am waking up" haihusiki.

Lakini andalio liliandika six. Nikasema, "Eleven? You are very lazy." Darasa likacheka, kama ilivyopangwa. Akakaa. Zilikuwa zimebaki dakika tatu za kuimarisha maarifa, nikaziimarisha. Kwenye maoni palikuwa tayari pameandikwa kwamba somo limeeleweka vizuri, na kusema kweli lilieleweka, kwa sababu hakunyoosha tena mkono mpaka Desemba.

Tuendelee. Namna ya kuuliza maswali. Bora ni swali la kukatia neno. Unasema, "Water boils at one hundred degrees Celsi...?" nao wanamalizia kwa pamoja, "us!" Hapo wamejibu sayansi na Kiingereza kwa silabi moja, na wote 87 wameshiriki, ndivyo utakavyoandika. Baada ya kila silabi nne uliza "Are we together?" Watajibu "Yeees!" Mwitikio huu una thamani kubwa kwa sababu unafanana kwa aliyeelewa, kwa asiyeelewa na kwa anayemfikiria mwembe. Ndiyo maana tunaupenda. Mtoto hajaaibika, mwalimu hajaaibika, na Kiingereza hakijasumbuliwa.

Ukilazimika kumwuliza mtoto mmoja, usimpe nafasi ya kuvuta pumzi. Miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani aitwaye Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali, akakuta ni kama sekunde moja. Walipojizuia wakasubiri tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na waliokuwa kimya walianza kusema. Fikiria balaa hilo katika darasa la 87. Tena hao walikuwa wanajibu kwa lugha ya kwao. Wa kwetu anatakiwa alisikie swali kwa Kiingereza, alipeleke nyumbani kwa Kiswahili, alipatie jibu huko, na alirudishe likiwa limevaa sare. Sekunde moja inamtosha kufika mlangoni. Mwambie, "You don't know, sit down", umwendee yule wa mbele aliyetoka shule ya kulipia. Huyo ndiye darasa lako. Ukitaka kujua kama somo limekwenda vizuri, mtazame yeye peke yake.

Kusoma kuna kanuni moja: habari iwe ngumu. Wataalamu wa misamiati, akina Paul Nation kule New Zealand, wamepima na kuona kwamba mtu akisoma peke yake ili aelewe vizuri inabidi ajue karibu maneno 98 katika kila 100. Sisi hutoa gazetini habari ya mfumuko wa bei ambayo mtoto anajua maneno 30, na kati ya hayo 12 ni "the". Kisha anatafuta yaliyobaki kwenye kamusi moja ya darasa zima, ambayo herufi S imechanika. Kuhusu vile vitabu vyembamba vya hadithi, vya akina Richard Mabala, *Hawa the Bus Driver* na wenzake, vilivyoandikwa kwa lugha nyepesi mtoto aweze kuvimaliza akajiona msomi, vipo. Nakala 12, kabatini, na ufunguo ninao mimi. Vitabu vikisomwa huchakaa. Vya kwetu viko kama vilivyotoka kiwandani, na kila ukaguzi vinahesabiwa vinapatikana vyote.

Sasa jambo la faragha, sogea. Kiswahili utakitumia. Sote tunakitumia. Ukimaliza kueleza kitu kwa Kiingereza na kuona macho 174 yanakutazama kama mbuzi wanaotazama mvua, utasema "yaani ni hivi", na darasa zima litashusha pumzi. Maneno hayo matatu yameifundisha nchi hii fizikia, jiografia na uraia. Ila usiyaandike kwenye andalio. Mwalimu mwenye akili zake angeweza kupanga mapema: hapa nitatumia Kiswahili dakika mbili kulinganisha saa, hapa narudi Kiingereza, hapa wajadiliane wanavyotaka lakini jibu walete kwa Kiingereza. Kingekuwa kiungo kilichopimwa. Sisi tunakimimina kwa kujificha kama chumvi ya mwizi, mara kimezidi, mara kimekosekana, na mlangoni tumemweka mtoto mmoja wa kuangalia gari. Akikohoa, unarudi Kiingereza katikati ya sentensi. Funika kombe mwanaharamu apite.

Wakati huohuo, nje ya darasa, mtoto akikutwa anasema Kiswahili mvishe kibao shingoni, akae nacho mpaka amkamate mwenzake. Usidhani tulibuni sisi. Watoto wa Wales walivishwa vijiti vya aina hiyo katika karne ya 19 kwa kosa la kusema Kiwelishi, na Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza vya kwao Kenya alivyoviona akiwa mdogo. Ni mbinu iliyozunguka dunia, na mafanikio yake yanasikika. Pita nyuma ya maktaba wakati wa mapumziko. Kimya kabisa. Hakuna anayesema Kiswahili, na hakuna anayesema chochote.

Kiingereza watakachojifunza bila ridhaa yako kipo, na hapa idara yetu haijapata dawa. Ni sentensi moja. "Excuse me, teacher, may I go out?" Hakuna azimio lililowahi kuipangia kipindi. Haina lengo mahususi wala manila. Lakini kufika Machi wote 87 wanayo, pamoja na wale sita. Inatamkwa ilivyo, "may" inakaa mahali pake, "I" inasikika, sauti inapanda mwisho inavyotakiwa kupanda. Nimejaribu kuchunguza imetoka wapi. Mtoto anaihitaji, hilo moja. Anaisikia kila siku kwa wenzake, anaitumia mwenyewe mbele ya mtu mwenye uwezo wa kukataa, na akiikosea anaona matokeo haraka sana. Akiipatia, mlango unafunguka. Hakuna anayemcheka. Sijui tungeizuia vipi.

Ndiyo iliyoniponza mwaka jana. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini wahenga hawakuwahi kukaguliwa. Walikuja wawili Jumanne, kijana wetu wa mlangoni hakukohoa kwa sababu alikuwa amesinzia, na nikakutwa kwenye "yaani". Nikajiokoa. Wakakaa nyuma, mmoja akashika andalio langu, mwingine kitabu chake cha kuandikia. Nilifundisha kama malaika. Dakika 5, 10, 15. Nikakata maneno, wakamalizia. Nikauliza kama tuko pamoja, tukawa pamoja. Mpira wa wavu ungeweza kuchezwa juu ya ile "Yeees".

Ikiwa imebaki tafakuri, mkono ukanyanyuka mstari wa nyuma, karibu kabisa na wageni. Ni mmoja wa wale sita, yule wa ofsaidi. Akasimama, akaweka mikono nyuma, akanitazama machoni. "Excuse me, teacher. May I go out?" Nikamruhusu. Akageukia wageni waliokuwa wameziba njia na kiti, akafikiri kama sekunde tatu, nami kwa bahati mbaya nikawa nimesubiri, akasema, "Excuse me, sir. May I pass?"

Hiyo ya pili hakuna aliyemfundisha. Aliitengeneza mwenyewe, palepale, kwa vipuri vya ile ya kwanza. Mdhibiti akavuta kiti, mtoto akapita, akaenda alikokuwa anakwenda.

Ripoti ilikuja baada ya wiki mbili. Mpangilio wa hatua ulisifiwa, zana zilisifiwa, tofaa lilitajwa kwa jina. Palikuwa na dosari moja tu, imepigiwa mstari kwa wino mwekundu: wakati wa tafakuri mwanafunzi mmoja alizungumza na kutoka nje, na tukio hilo halikuwamo kwenye andalio la somo.